Bangili za Mke wa Pratipal

Novemba 6, 1978

Ngano imeingia ardhini juzi, na jana watu wa sinema wameingia kijijini. Tutaona kipi kitaota kwanza.

Wamekuja na malori, farasi waliokonda na mzinga wa mbao uliopakwa rangi ya chuma. Mahema yao wameyapiga chini ya ngome ya kale, palepale mbuzi wangu wanapokula majani, na hawakuuliza mtu. Sinema yao ni ya ule uasi wa babu zetu, askari walipowageuzia Waingereza bunduki walizopewa na Waingereza wenyewe. Sisi wa Karaundi hatuna haja ya kusimuliwa. Waasi wa kijiji hiki walinyongwa kwenye mwarobaini wa kisimani, na mwarobaini bado umesimama, na mpaka leo hakuna anayefunga ng'ombe pale.

Mwongozaji wao ni Bwana Nadkarni kutoka Bombei, mwembamba, kofia haimtoki kichwani hata akila. Alikuja kunisalimu kwa sababu kaambiwa mimi ni mjane wa mwalimu na ninajua kusoma na kuandika. Akaniita Mama Mwalimu. Nikamwambia hapa naitwa Mama Pratipal.

"Na huyo Pratipal yuko wapi, mama?"

"Jeshini," nikamjibu.

Kusma, mke wa Pratipal, alikuwa akipepeta dengu nyuma yangu. Ungo ulisimama kidogo, kisha ukaendelea.

Basi la jioni limepita. Nilitoka barabarani kama kawaida. Hakushuka mtu wetu.

Novemba 10

Mbuzi mmoja amekula kofia ya ofisa wa Kiingereza. Wakaja watu wawili kulalamika. Nikawaambia mbuzi wa Karaundi naye ni mwasi. Wakacheka, nami nilifurahi, ingawa sikuonyesha.

Novemba 13

Magoti yanauma. Basi limechelewa. Hakuna mtu.

Novemba 15

Leo amekuja Hamidan na kikapu chake. Huyu ni Mwislamu, muuza bangili, kama mama yake na bibi yake kabla yake, na hakuna mkono wa mwanamke wa hapa asioujua ukubwa wake. Hata mimi alinivisha nilipokuja hapa mwari, enzi hizo naye ni msichana anayembebea mama yake kikapu. Bangili ikipasuka, Hamidan hasemi imevunjika. Husema imepoa. Neno lile halitamkwi mbele ya mke wa mtu.

Nilimwambia amvishe Kusma za kijani, na ajaze mkono.

"Punguza, dada Hamidan," Kusma akasema. "Zinanibana nikifua."

"Jaza," nikasema.

Hamidan alinitazama mimi, akamtazama Kusma, akajaza. Ana vidole laini, huukunja mkono wa mtu kama kitambaa mpaka bangili ipite bila maumivu. Alipomaliza akasema, "Mumeo aishi," kama wanavyosema wauza bangili wote, na Kusma akainua mkono wake kwenye paji la uso kushukuru.

Nitaandika mara moja, nisirudie tena. Pratipal alikwenda vitani mwaka wa sabini na moja, miezi minne baada ya harusi. Vita havikufika hata wiki tatu. Baadaye ofisa mmoja alikuja hapa mlangoni, akavua kofia, akasema mwanangu hajulikani alipo. Hakusema amekufa. Nilimwuliza, nikamwuliza tena, hakusema. Kwa hiyo sikulia. Kumlilia aliye hai ni kuyaonyesha mauti njia. Na bangili za mke ndizo uhai wa mume. Zikiwa nzima kwenye mkono huu, yeye ni mzima huko aliko. Ndiyo maana nasema jaza.

Novemba 23

Leo nimecheka mpaka mbavu zikauma, Mungu anisamehe.

Bwana Nadkarni anataka kupiga picha ya asubuhi baada ya waasi kunyongwa: wake zao wanakuja kisimani wanavunja bangili zao kwenye jiwe. Alipiga mbiu kutafuta wanawake. Wakaenda wengi, walidhani watachota maji. Walipoambiwa ni kuvunja bangili, walitawanyika kama kuku walioona mwewe. Nani avunje bangili na mumewe yuko nyumbani anakula? Hata iwe mchezo. Mauti hayajui mchezo.

Basi Bwana Nadkarni akaona amepata ufumbuzi: watafutwe wajane. Akaitwa Bhagwanti, bibi wa watu, meno yamebaki ya kusimulia. Akaja kijana wao wa mavazi, Rustom, mnene, mpole, mtoto wa mjini. Mbele ya kijiji kizima akaushika mkono wa Bhagwanti, akamvisha bangili sita nyekundu ili apime ukubwa.

Kisha shemeji zake Bhagwanti wakaanza kupiga makofi.

Kwetu sisi wa tabaka la Walodhi, mjane akiolewa mara ya pili hakuna ngoma wala farasi wa bwana harusi. Mwanamume humvisha bangili hadharani, basi, keshakuwa mumewe. Yule Rustom hakujua. Aliona watu wanashangilia, akadhani wanasifu rangi.

"Karibu nyumbani, shemeji," wakamwambia. "Nyati wetu huwa anakamuliwa alfajiri. Usichelewe."

"Nyati gani?" akauliza Rustom.

"Wa mke wako."

Bhagwanti naye hana dogo. Alimpima kijana juu mpaka chini, akasema, "Mnene, lakini meno anayo. Nitamkubali."

Ilibidi Hamidan aitwe na sabuni kuzitoa zile bangili, na Rustom alishe ukoo mzima peremende ili aachwe. Mpaka sasa akipita njiani watoto wanamwamkia babu.

Nilipomaliza kucheka nikaona kitu. Wake hawavunji. Wajane hawavai. Katika Karaundi yote kuna mwanamke mmoja tu anayevaa bangili na hana mume nyumbani wa kupatwa na mkosi. Watu wote pale walikuwa wameshaliona hilo kabla yangu. Walikuwa wanamtazama Kusma.

Nikamshika mkono tukarudi nyumbani.

Novemba 27

Watu wa sinema wamefyatua mzinga wa mbao. Moshi mtupu. Aliyecheza ofisa wa Kiingereza ni Mjerumani mwenye nywele ndefu waliyemwokota Banarasi akimtafuta Mungu. Wamemnyoa, wamempa koti jekundu, sasa kazi yake ni kunyonga watu. Jioni alikuja kuomba maziwa. Mtu mstaarabu.

Basi: hakuna.

Desemba 2

Dashrath, kaka yake Kusma, amefika kutoka Orai. Sikuwahi kumpenda huyu mtu. Ana duka la mbegu na huongea kama mwenye duka, anaanza mbali ili ufike karibu bila kujua. Alisifu ngano yangu. Alisifu mbuzi. Nikamwambia, "Sema lililokuleta, baba, chai inapoa."

Akasema miaka saba inatimia mwezi huu. Sheria inasema mtu asiyesikika miaka saba huhesabiwa amekufa. Yupo mtu, akasema, Ramsanehi, fundi baiskeli wa Orai, mke wake alifariki akamwachia mtoto wa kike. Mtu wa haki. Anataka mke, na amesikia habari za Kusma.

"Kusma ana mume," nikasema.

"Mama, dada yangu ana miaka ishirini na sita."

"Najua kuhesabu. Mume wangu alikuwa mwalimu."

"Basi hesabu na yeye," akasema. "Nakuheshimu kwa ajili ya mwanao. Alikuwa rafiki yangu kabla hajawa shemeji yangu. Lakini dada yangu unamzika yu hai."

Nilimwambia aondoke. Hakuondoka. Alilala kwa Gajraj, mdogo wa marehemu mume wangu, na Gajraj alimkaribisha. Ukoo wangu mwenyewe.

Kusma alipika, akapakua, akala baada yetu. Sikumwuliza kitu. Niliogopa atanijibu.

Desemba 3

Basi: hakuna.

Desemba 4

Basi: hakuna.

Desemba 8

Mkamwana wangu amekwenda mahemani bila kuniaga, akamwambia Bwana Nadkarni, "Nitavunja mimi."

Nimepata habari kisimani, kutoka kwa Bhagwanti, maana mwenye nyumba ndiye wa mwisho kuambiwa.

Nilimkuta jikoni anakanda unga. Nitaandika tulivyosema, kwa sababu tangu mchana sijasikia kingine masikioni.

"Unataka kumwua mwanangu."

Aliendelea kukanda. "Hapana, mama."

"Unakwenda kuvunja bangili zake mbele ya kijiji, halafu unasema hapana? Umepata mtu Orai, sasa unataka njia iwe nyeupe."

"Simjui huyo mtu. Sijawahi kumwona."

"Basi kwa nini?"

Hapo akaacha unga. Ni mtu mtaratibu, miaka yote hii hajawahi kunipandishia sauti, na hata leo hakuipandisha.

"Mama, mimi nimekaa na Pratipal miezi minne. Nakumbuka kikohozi chake. Nakumbuka alikuwa anaogopa mijusi. Sura yake imenipotea, naitafuta kwenye ile picha ya ukutani. Kila asubuhi naamka, kitu cha kwanza nahesabu bangili. Nikigonga mkono ukutani moyo unasimama. Nikisikia imepasuka natazama uso wako kabla ya kutazama mkono wangu. Miaka saba mimi ndiye ninayemweka hai. Mikono yangu imechoka."

"Mwongozaji amesema hizo ni bangili za sinema," akaendelea. "Ni mikono tu itakayoonekana. Ya yule mwigizaji wao wa mjini anayecheza mke wa mwasi haijawahi kuosha sufuria. Nataka nijue tu inavyokuwa. Nikivunja za mchezo, labda nitaweza kuendelea kuvaa za kweli."

Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Moja lilihusu tumbo lake ambalo halikushika mimba katika miezi ile minne. Likishatoka neno kama hilo haliokotwi. Alirudi kwenye unga, akakanda, machozi yakidondokea humo, na usiku tukazila chapati hizo.

Desemba 11

Hamidan amekuja bila kikapu, mara ya kwanza kumwona mikono mitupu. Akakaa juani na mimi.

"Shoga yangu," akasema, "unajua kwa nini huwa nageuka mjane anapopozwa bangili? Mama yangu alinifundisha: mkono unaovisha usitazame zinavyotoka. Lakini nitakwambia kitu. Mkono wa Kusma umekonda. Kila mwaka nampa saizi ndogo zaidi ili zisidondoke. Nimeanza kumvisha saizi ya wasichana."

Alikaa na mimi mpaka jua likahama.

Desemba 13

Nimemruhusu. Kwa sharti langu: bangili zake za kweli zitasukumwa juu mpaka karibu na kiwiko, nitazifunga mimi mwenyewe kwa kitambaa, na mkono wa blauzi utazifunika. Za sinema zitakaa chini. Atavunja za sinema peke yake. Mimi nitakuwapo pale kulinda.

Kusma alinigusa miguu.

Desemba 16

Nimeketi kuandika tangu saa nne asubuhi na sasa jua linashuka.

Walikuwa wametundika watu wa majani makavu kwenye mwarobaini, wamevishwa sare za askari wa zamani. Wazee walikataa vijana wetu watundikwe hata kwa mikanda. Nilikwenda nikiwa nimejiambia ni majani. Upepo ulikuwa unawageuzageuza. Mmoja sare ilikuwa kubwa kwake, mikono imefunika viganja, kama koti la jeshi alilokuja nalo Pratipal siku ya kuaga, akaniambia, "Mama, wamenipa la baba wa mtu." Nilitazama pembeni.

Kusma walimketisha penye jiwe la kisima. Nilikifunga kitambaa vizuri, nikavuta mkono wa blauzi mpaka chini. Rustom alinipa bangili za sinema nimvishe mimi, yeye kuzigusa hathubutu tena. Wanawake wote wa Karaundi walikuwa nyuma ya kamba. Hamidan alikuwa ametupa mgongo.

"Mume wako ni yule pale," Bwana Nadkarni akamwambia Kusma kwa upole, akionyesha kwenye mwarobaini. "Umekuja, umemwona. Piga mikono kwenye jiwe. Haya, anzeni."

Kusma aliinua mikono. Haikushuka.

Wakaanza tena. Akapiga, lakini polepole, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba yenye mgonjwa. Hakuna iliyopasuka.

"Kwa nguvu, dada," akasema Bwana Nadkarni.

Mara ya tatu akapiga kwa nguvu, vibaya, kwa kifundo. Kioo kikaingia kwenye nyama. Akapiga tena papo hapo kwenye kidonda, na tena, macho kayafumba, meno kayabana, peke yake kwenye lile jiwe na watu wote tunamtazama. Hakuna aliyekuwa naye. Nikaona damu inafuata kiganja, na nikasikia sauti yangu.

"Si hivyo."

Mwongozaji akageuka. "Mama, tafadhali, kamera inakwenda."

"Iende. Hakuna mwanamke anayejivunjia mwenyewe. Nani alikwambia? Mtu hajifanyii jambo hilo. Hufanyiwa na wajane wenzake, wanaojua linavyouma."

Niliruka kamba. Na magoti haya. Nikaketi chini mbele yake, nikauchukua mkono wake mapajani mwangu, nikaokota kijiwe, na nikafanya kama nilivyofanyiwa mimi siku ya mume wangu: unaweka kidole chako chini ya bangili ili kioo kikuchome wewe, halafu unagonga mara moja, taratibu. Nikazigonga za sinema moja moja. Kusma alikuwa anatetemeka kama mtoto mwenye homa. Nikasema, "Tulia, mwanangu, zinakwisha." Zikaisha.

Nilifikiri hapo tumemaliza. Nilikuwa nimeshaanza kumfuta damu kwa ncha ya sari. Ndipo akavuta juu mkono wa blauzi, akauma lile fundo langu la kitambaa kwa meno, akalifungua. Bangili za kijani zikateremka kwa mlio wao mpaka kwenye kifundo, mkono wenyewe ulivyo mwembamba. Hakunisihi. Aliuweka mkono pale mapajani mwangu, akanitazama, na ninajua kwamba ningesema hapana angezirudisha juu, tungekwenda nyumbani, angepika, na angeendelea kuzivaa mpaka mmoja wetu afe.

Mimi nilimzaa Pratipal. Nilimzaa wakati wa kuvuna, nikiwa na mundu mkononi. Miaka saba nilitoka kila jioni kutazama basi, na miaka saba nilijua kila basi lilipokuja kwamba hayumo. Nilijua. Nilikuwa namvalisha msichana huyu nilichokijua ili mimi nisikione.

Nikagonga.

Ya kwanza, ya pili. Sikumbuki zilikuwa ngapi. Nakumbuka sauti moja ikanitoka ambayo sikuijua, ikatoka na jina la mwanangu, na ikishatoka sikuweza kuifunga tena. Nililia yote. Nililia mwaka wa kwanza na wa pili na yote iliyofuata. Kusma akanikumbatia kichwa, naye analia, tunatingishika pamoja kama wendawazimu juu ya vioo. Nyuma ya kamba wanawake wakaanza mmoja mmoja, Bhagwanti kwanza, mpaka kijiji kizima kikawa kinaomboleza. Watu wa Bombei walidhani ni kwa ajili ya waasi. Labda ilikuwa hivyo pia. Wale nao walikuwa na mama zao.

Hakuna aliyesema "kata." Wanasema ukanda wa filamu uliisha wenyewe ndani ya kamera.

Bwana Nadkarni alikuja akavua kofia. Ana upara. Akachuchumaa, akataka kusema kitu cha shukrani, nikaona anajua kwamba si cha kushukuriwa. Akamwagiza Rustom alete maji.

Kisha nikafanya lililobaki. Nikalowesha ncha ya sari yangu, nikaufuta ule wekundu wa mwenye mume kwenye mstari wa nywele zake.

Desemba 17

Sikutoka basi lilipopita.

Desemba 20

Mwili haupo, kwa hiyo kuhani alisema ufanywe wa nyasi, ndivyo inavyoelekezwa kwa aliyefia mbali. Gajraj na Dashrath waliketi uani wakamsuka. Dashrath ndiye aliyefanya kichwa. Alisuka, akafumua, akasuka tena, hakuridhika nacho. Mwishowe akaweka mikono usoni akalia kwa sauti, huyu muuza mbegu niliyemwita mwenye duka. Nilimpelekea maji mwenyewe. Nilimwambia, "Inatosha, baba. Hata akiwa na kichwa kibaya tutamjua."

Nikamfunika kwa shuka lake. Wanaume wakambeba mpaka mtoni Betwa kumchoma. Wanawake hawaendi. Niliketi mlangoni nikawangoja, na waliporudi wamelowa nikamwuliza Gajraj, "Aliungua vizuri?"

"Aliungua upesi, shemeji," akasema. "Nyasi hazikai."

Nilimbeba miezi tisa.

Desemba 29

Watu wa sinema wameondoka. Mjerumani aliaga nyumba kwa nyumba. Mbuzi wamerudi chini ya ngome.

Januari 11, 1979

Umande mzito. Ngano inakwenda vizuri. Watu bado wananiita Mama Pratipal, nami naitika.

Januari 19

Leo nimekasirika kutwa nzima. Namkasirikia ofisa yule aliyevua kofia na hakusema. Angesema. Ningemlaani, ningempiga kwa ufagio, lakini msichana huyu angekuwa na watoto wawili sasa.

Januari 30

Mtu amegonga mlango jioni na moyo wangu ukaruka kabla sijauzuia. Alikuwa mjukuu wa Bhagwanti anaomba moto. Na kama akirudi? Nimefanya nini, kama akirudi? Kusma alinisikia nikijisemea, akaja akakaa karibu yangu. Mikono yake haina mlio tena. Sikujua nyumba hii ilikuwa imejaa mlio ule kiasi gani.

Februari 18

Ramsanehi amekuja kujionyesha. Nilimhoji kama polisi. Unakunywa? Hapana, mama. Unapiga? Hapana. Wanaume wote husema hapana, nikamwambia, onyesha mikono. Akaonyesha. Mafuta ya baiskeli hayatoki kwenye kucha hizo hata kwa majivu. Alikuwa amekuja na binti yake, ana miaka mitano, kamasi mpaka mdomoni. Kusma alimpitia akielekea kisimani, akamfuta kwa ncha ya sari bila kusimama, kama amekuwa akimfuta siku zote. Yule mtoto akamfuata kisimani.

Nilikuwa nimejiandaa kumchukia mtu huyu. Alipoondoka alisema, "Mama, kwangu picha ya Pratipal itakuwa na ukuta wake." Sikuweza.

Machi 3

Ngano inageuka rangi. Kusma anafunga vitu vyake vichache. Anavifunga, anavifungua, anasema anatafuta kitana.

Machi 9

Nimemwomba msamaha kwa lile neno la jikoni. Akasema, "Neno gani, mama?" Anakumbuka. Alisema hivyo kwa ajili yangu.

Machi 22

Leo.

Hamidan alileta bangili nyekundu na kijani, akamnyooshea Ramsanehi kikapu, akamwelekeza namna ya kuukunja mkono. Naye alimvisha Kusma vibaya, taratibu, anatoka jasho, anaomba radhi kwa kila bangili. Gajraj alisimama kwa niaba ya ukoo wetu akasema tumemwachia kwa moyo mweupe. Niliitikia kwa kichwa. Basi, ndoa imefungwa, watu wakala peremende.

Dashrath alipakia mzigo. Mtoto alikuwa ameshika sari ya Kusma tangu asubuhi, haachi hata akiambiwa.

Kisha Kusma akaja kuniaga. Aliinama akanigusa miguu, na hapo nikakumbuka kwamba sharti nimjibu. Mke akikugusa miguu jibu ni moja tu, hakuna jingine katika lugha yetu: mumeo aishi miaka mingi. Nimemwambia hivyo kila asubuhi tangu aingie nyumba hii, na kila asubuhi mdomo ukisema mume, moyo ulikuwa unasema Pratipal. Ndiyo sala pekee niliyomfanyia mwanangu kila siku bila kukosa. Alikuwa ameinama, hainuki, anangoja. Alijua ninachotakiwa kutoa. Ramsanehi naye alikuwa ametazama chini.

Nikaweka mkono juu ya kichwa chake.

"Mumeo aishi miaka mingi," nikasema.

Akainuka. Tukashikana hatukuachana mpaka Dashrath akasema njia ni ndefu.

Wamekwenda. Nimemwombea uhai mwanamume mwingine, na nimemwombea kwa kweli, maana ni mume wa mwanangu. Kesho tunaanza kuvuna.